Mfereji wa Mwisho Kuzibwa

Tangu nianze kuziba mifereji yake, baba hakuwa akinisemesha. Chakula nilimpelekea chumbani, nikaweka sahani kwenye kistuli karibu na redio, naye akaangalia ukuta mpaka nitoke. Shangazi, dada yake, alikuwa akinicheka jikoni. "Mwache huyo. Alizaliwa amenuna, mkunga mwenyewe alimwomba radhi."

Mifereji hiyo baba aliichimba kwa mikono yake. Kabla sijazaliwa, malisho yetu ya bondeni yalikuwa kinamasi, na kaka yangu, ambaye namjua kwa picha moja tu ya sebuleni, alimfuata ng'ombe mtamba aliyepotea akazama humo. Mtamba alitoka. Kaka hakuonekana tena, hata mwili. Baba akashika beleshi, akachimba mfereji baada ya mfereji, miaka nenda miaka rudi, mpaka maji yote yakakimbilia mtoni. Watu walisema anakikausha kinamasi kwa hasira, na mimi nikaamini hivyo hivyo.

Mwanzoni nyasi zilistawi kweli. Halafu ule udongo mweusi, uliozoea kushika maji kama sifongo, ukakauka, ukadidimia, ukapasuka. Sasa kila kiangazi ng'ombe wetu wanabaki mbavu nje. Bwana mifugo alinieleza wazi: turudishe maji ardhini, la sivyo tutafute pa kuhamia. Basi nikaanza kuziba, Shangazi akinisaidia, na ng'ombe tukawawekea uzio wasishuke chini, maana kwato zao huvuruga udongo ukiwa laini.

Ukabaki mfereji mmoja, mrefu kuliko yote, katikati ya bonde. Bila kuuziba huo kazi yote ilikuwa bure. Maji yangepita humo yakaenda zake. Baba alilijua hilo. Asubuhi tulipofika tulimkuta ameketi ukingoni, miguu ndani ya mfereji, beleshi mapajani.

"Baba, toka tafadhali," nilimwambia.

"Zibeni mingine."

"Mingine tumeshaziba. Umebaki huu tu. Au unataka tuhame?"

Akalivuta beleshi karibu na kifua. Nilikuwa nimechoka, na uchovu ukanipanda kichwani. Nikamwambia kinamasi hakina kosa, na kwamba hasira zake zimetutesa sote, hata mama alikufa na hamu ya kumwona ameshinda nyumbani siku moja bila tope. Shangazi alinivuta mkono, lakini maneno yalikuwa yameshatoka.

Baba hakukasirika. Hilo ndilo lililoniumiza.

"Hasira gani?" aliuliza taratibu. "Sikuwa nakausha kitu, mwanangu. Nilikuwa namtafuta."

Akanyoosha mkono kuelekea juu ya bonde. "Nilianzia kule, alipoangusha fimbo yake. Sikumpata. Nikahamia pale. Sikumpata. Huu ndio nilikuwa sijaumaliza, mikono ikagoma. Ukiuziba, nitakuwa nimekubali kumwacha humu."

Shangazi alikaa chini palepale, akajifunika uso kwa kitambaa chake cha kichwa. Dada mtu, na hakuwahi kuambiwa. Mimi niliitazama ile mifereji niliyokuwa nikiiziba huku nikipiga mluzi, nikalia bila kujificha.

"Basi tuuache, baba," nilisema. "Tutahama." Na nilimaanisha.

Aliwatazama ng'ombe waliokuwa wamesimama kwenye uzio.

"Tuhame, tumwache peke yake?"

Akanipa beleshi. "Kata udongo," alisema.

Nikakata mabonge ya udongo pamoja na nyasi zake, Shangazi akawa ananipokea, tukayapanga ndani ya mfereji moja juu ya jingine. Baba alituelekeza kwa kidole tu, wapi pana pengo, wapi paongezwe. Mabonge yakishapangwa, mtu hupanda juu yake na gambuti, akashindilia kwa nguvu zote mpaka maji yakose upenyo. Nikainua mguu.

"Hapana." Baba alikuwa ameshapiga magoti topeni. "Hapa msikanyage. Tumieni mikono."