Kisanduku cha Saba

Mtu akifeli mtihani wa mwisho wa vitendo mara moja, chuo humhurumia na kumwacha arudie mwaka. Akifeli mara ya pili humpa mkono wa kwaheri, na shahada yake ya ufundi wa elektroniki inabaki hadithi. Dada Mkubwa, kama walivyomwita vijana wa darasani kwa kuwa aliwapita wote kwa umri, alikuwa ameshafeli mara moja.

Tena alifeli kwa jeuri. Kabla ya chuo alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio na simu kwa miaka kumi na moja, na mikono yake ilizoea kutangulia macho. Mtihanini walimpa kikuza sauti kilichokuwa kimya. Hakupima. Alibadilisha kapasita mbili na transista tatu, akawasha, kikafuka moshi. Baadaye aliambiwa kwamba ubovu ulikuwa waya mmoja tu uliochomoka. Vijana walicheka, naye akaenda kulilia chooni.

Aliyemrudisha chuoni ni wifi yake. Dada huyu wa mumewe hakujua hata kushika bisibisi, lakini sasa ulikuwa mwaka wa tano anakalia kile kibanda, akipokea redio mbovu na kuwatuliza wateja kwa maneno matamu: "Njoo Jumapili, mpenzi, fundi wetu yuko masomoni." Jioni aliwaogesha watoto wa kaka yake na kuwalaza.

"Ukirudi bila hiyo shahada, kibandani huingii," alimwambia. "Sikukalia benchi hili mpaka nikaota sugu ili wewe uje kunililia."

Wa pili kumsaidia alikuwa fundi wa maabara ya chuo, mtu mkavu asiye na shahada yoyote, aliyepewa jina la Fundi Mita kwa sababu hakuamini neno la mtu yeyote mpaka kipimo kiseme. Kila Jumamosi, mwaka mzima, alimfungulia maabara. Dada Mkubwa alidhani atapewa vifaa vibovu ajifunze. Wapi! Alipewa vizima vitupu. Redio nzima, runinga nzima, vikuza sauti vizima. Apime, aandike daftarini, afunge skrubu.

"Fundi, lakini hivi vinafanya kazi," alilalamika wiki ya tatu.

"Ndiyo maana nimekupa. Wagonjwa umeshika miaka kumi na moja. Mzima umemshika lini?"

Alinuna, akapima. Moyoni alishuku kwamba anatumiwa kufuta vumbi bure. Daftari la kwanza lilijaa, akaanza la pili.

Siku ya mtihani viliwekwa visanduku kumi na viwili vyenye namba za chaki, na kila mtu akachota karatasi yake kwenye kopo. Dada Mkubwa alipata namba saba. Alipofunua alikuta kikuza sauti, kifuniko chake kimepakwa rangi mpya, na kadi iliyoandikwa: "Mteja anasema sauti inakatika nyumbani kwake."

Safari hii hakukurupuka. Alipima waya wa umeme, plagi, fyuzi, ndipo akawasha. Sauti ikatoka safi kabisa. Kwa mara ya kwanza maishani, kifaa kufanya kazi kulimtia hofu.

Akakiacha kipate joto saa nzima. Akakigongagonga kwa kitako cha penseli, akatikisa nyaya. Sauti haikukatika. Akafungua kifuniko, akapima sehemu moja baada ya nyingine. Pembeni mwa saketi aliona alama nyeusi ya kuungua, ya zamani, na juu yake lehemu nadhifu ya mtu anayejua kazi. Aliyeunguza hapa alikuwa na haraka zake, aliwaza, na aliyekuja nyuma yake alikuwa fundi haswa.

Vipimo vyote vilikuwa vilevile vya daftarini mwake, vya Jumamosi zile za kununa.

Zilibaki dakika ishirini. Wenzake kushoto na kulia walikuwa wamezama kazini, pasi za kulehemu zinatoa moshi. Yeye meza yake ilikuwa safi kama ya mtu aliyekuja kutembea. Macho yakamwangukia kapasita moja iliyofifia rangi. Akiibadilisha, angalau wataona amefanya kitu. Mkono ukanyanyua pasi. Ikafika juu ya kapasita ile, ikasimama hapo, joto lake linamgusa kidole. Kisha akairudisha kwenye kishikio, akapiga moyo konde, akaandika: "Kifaa hiki ni kizima. Naomba kuona kinapochomekwa nyumbani kwa mteja."

Mhadhiri aliyesimamia mtihani aliisoma karatasi mara mbili.

"Saa tatu zote hizi umefanya nini?"

"Nimepima, Daktari. Sehemu arobaini na mbili."

"Na kama umekosea?"

"Nimekwisha, narudi nyumbani. Lakini siwezi kukigusa. Hakiumwi."

Mhadhiri akacheka. "Ubovu uko kwenye soketi ya mteja, na mteja mwenyewe nimemtunga mimi. Umefaulu."

Dada Mkubwa akavuta kiti, akakaa. Fundi Mita, aliyesimama nyuma muda wote, akasogea na kuonyesha kwa kidole ndani ya kikuza sauti.

"Hiyo alama ya kuungua umeiona?"

"Nimeiona."

"Ni yako. Ya mtihani uliopita. Likizo nzima nimehangaika kukifufua. Ulipochota namba saba, aliyetokwa na jasho ni mimi."

Dada Mkubwa aliitazama ile alama, na ile lehemu nadhifu juu yake, machozi yakamtoka mbele za watu. "Asante, Fundi. Asante kwa kila Jumamosi. Na kununa kwangu unisamehe."

"Nenda zako," alisema Fundi Mita akiangalia pembeni. "Hawa wenzako wameniachia vingine kumi na kimoja vya kufufua."

Nje, alimpigia wifi yake.

"Nimefaulu, wifi!"

Vigelegele vilimjaa sikioni. "Umetengeneza nini?"

"Sijatengeneza kitu."

"Hebu rudia?"

Akamsimulia yote, mpaka ile alama.

"Yaani mimi nimekaa hapa miaka mitano," wifi alisema, akicheka na kulia kwa pamoja, "ili ukafundishwe kuacha kitu cha mtu kilivyo?"

"Ndiyo, wifi. Na bila wewe nisingejua."

"Haya, njoo nyumbani. Benchi lako nimeshalifuta vumbi."