Faini ya Mkasi

Kitabu chenyewe kilikuwa kinene kiasi kwamba Spéciose, fundi cherehani wa mtaa wa Kabeza, Rwanda, alikuwa akikitumia kuzuia mlango wa duka usijifunge kwa upepo. Hiyo ni kabla Théoneste hajakiokota na kuanza kukisoma. Baada ya hapo, mtu ambaye angethubutu kukiweka chini angechapwa rula ya kupimia vitambaa.

Jalada lilikuwa limekwenda zake zamani, na jina la mwandishi pamoja nalo, kwa hiyo wakakiita Kitabu cha Kamba. Kilikuwa cha Kifaransa, cha kale, kurasa elfu moja na ushee. Kila Alhamisi baada ya chakula cha mchana Théoneste, mwalimu mstaafu, alikaa kwenye kiti cha wateja, akausoma ukurasa kwa macho, kisha akausimulia kwa Kiswahili. Wasikilizaji wake walikuwa wamekulia kila mahali. Pudentienne na Xavérine walikulia Bujumbura, Benon alikulia Bukoba, na Kiswahili ndicho walichoweza kukaa nacho wote bila mtu kumwonea mwenzake haya.

Kisa kilikuwa hiki. Klementi, msuka kamba, alipanda mlima wa theluji pamoja na shemeji yake Ruperti, wakitafuta dhahabu. Dhahabu ikaonekana, na Ruperti akaikata kamba. Klementi akatumbukia kwenye ufa wa barafu, akaokotwa na wachungaji wa upande wa pili, akakaa nao miaka ishirini na miwili, akajifunza kutengeneza saa. Akarudi mjini na ndevu na jina jingine. Akawa anatengeneza saa za nyumbani kwa Ruperti, anakula mezani kwa Ruperti, anasifiwa na mke wa Ruperti. Hana haraka. Kurasa mia sita nzima, mtu hana haraka.

Watu wa dukani kwa Spéciose waliugua kitabu hicho. Benon, aliyekuwa dereva wa malori, alianza kumtukana Ruperti tangu Jumatano ili Alhamisi ikifika koo liwe limeshalainika. Spéciose alishona mkono wa blauzi mahali pa shingo, na mteja aliporudi na hasira akamwambia, "Dada, ungekuwepo Klementi alipoingia jikoni mle, ungeshona vibaya kuliko mimi."

Lakini aliyewazidi wote ni Xavérine. Alikuwa mkunga wa hospitali miaka mingi, ana pensheni, ana miwani mbili, moja ya kusomea na nyingine ya kuitafutia ile ya kusomea. Klementi alipoanguka, Xavérine alilia. Alilia kwa leso, kistaarabu, kama mtu aliyesoma.

"Mtu anawezaje," alisema, "kumtenda hivyo mwenzake aliyekula naye?"

Pudentienne alikuwa akichambua maharage aliyokuja nayo kutoka nyumbani. Hakuinua kichwa. "Labda kisu kilikuwa karibu," akasema.

Wote wakacheka, na Xavérine pia. Pudentienne alikuwa na balaa hiyo. Alilosema lolote, watu walicheka. Siku moja alimwambia daktari kwamba kifua kinamchoma, na daktari akacheka kwanza ndipo akampima.

Lile la kisu hakulisema kwa mzaha.

Walikuwa na miaka kumi na mitatu, yeye na Xavérine, watoto wa wakimbizi kule Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, dawati moja, mkeka mmoja, ndagala, wale dagaa wa ziwani, sahani moja. Mwishoni mwa darasa la sita palikuwa na nafasi moja tu ya msichana mkimbizi kwenda sekondari ya masista. Pudentienne alikuwa wa kwanza. Xavérine alikuwa wa pili. Wiki ile ile mkasi wa fedha wa sista aliyefundisha ushonaji ukapotea, na Xavérine, kwa sauti ndogo ya mtoto mwema, akasema, "Sista, labda tutazame kwenye kikapu cha Pudentienne." Wakatazama, wakaukuta. Pudentienne hakuwa ameugusa mkasi ule hata siku ya kufundishwa kukata.

Baba alimchapa, kisha akalia, kisha akamtafutia beseni. Mkasi ulikuwa umefungua njia mbili. Xavérine alipita ya sekondari, Pudentienne akapita ya sokoni na beseni la ndagala kichwani. Hata waliporudi Rwanda watu wazima, na bahati mbaya ikawapangia mtaa mmoja, Xavérine alimkumbatia pale barabarani, shavu kwa shavu mara tatu, akauliza habari za mama. Kuhusu mkasi, kimya. Miaka karibu sitini, kimya.

Pudentienne hakutaka kumuua mtu. Hakutaka hata Xavérine augue. Ugonjwa ungemletea wageni na maua. Alitaka kitu kimoja tu, kwamba Xavérine aseme mwenyewe, mbele ya watu, "Ni mimi niliyeuweka." Basi. Baada ya hapo Mungu angeweza kumchukua hata siku hiyohiyo, jioni, akishakula.

Kitabu ndicho kilichomwonyesha pa kupitia.

Alhamisi moja ya mvua walifika kwenye sura ya harusi. Ruperti anamwoza binti yake. Ukumbi umejaa, mishumaa, majaji, maaskofu. Mtengeneza saa anainuka kutoa pongezi, na badala ya zawadi anatoa mfukoni kipande cha kamba, anakiweka kwenye sahani ya Ruperti. Anasema, "Nimekuja kukurudishia ulichobakiza." Ukumbi wote unaelewa. Ruperti anazeeka pale pale alipokaa.

Théoneste alifunga kitabu. Cherehani ilikuwa imenyamaza. Benon alipiga goti kwa ngumi. Xavérine alivua miwani akasema kwamba tangu azaliwe hajasikia haki tamu kama hiyo, na tafadhali mwalimu, warudie kuanzia mishumaa.

Walirudia mara tatu. Mara ya tatu Pudentienne aliacha maharage, akamtazama Xavérine, akatazama mishumaa asiyoiona, akaanza kuhesabu siku. Maana mjukuu wake Gwiza, aliyemlea mwenyewe, alikuwa anachumbiwa na Hirwa. Na Hirwa ni mjukuu wa Xavérine.

Anayejua gusaba za kwetu, sherehe za posa, anajua zinavyokwenda. Familia mbili zinakaa chini ya mahema mawili yanayotazamana, na kila upande una msemaji wake. Wa upande wa bibi arusi hatoi msichana kirahisi. Anazungusha maneno, anawatania wageni, anajifanya hawajui. Halafu anauliza watu wake kama kuna mwenye kinyongo na familia iliyokuja kuposa. Hapo mzee mmoja, aliyepangwa tangu wiki iliyopita, anasimama na kudai kwamba babu wa bwana arusi aliwahi kuazima kigoda asikirudishe. Wageni wanakubali kosa, wanatoa faini ya kinywaji, faini inanywewa, kosa linazikwa. Ndipo yanafuata mengine.

Msemaji wa upande wa Gwiza alikuwa Théoneste. Aliyepangwa kulalamika alikuwa Benon, kuhusu mbuzi wa kubuni.

Jumamosi hiyo jua lilikuwa kali juu ya mahema. Pudentienne alivaa umushanana, vazi la sherehe, wa rangi ya zambarau alioshonewa na Spéciose, mikono ikiwa mahali pake. Hakuwa amelala vizuri na hakuwa amekula. Ng'ambo, mstari wa mbele, Xavérine alimpungia kiganja.

"Kabla hatujasema neno la ndiyo," alisema Théoneste kwenye kipaza sauti, akiitumia ile sauti ya sura za mwisho, "nawauliza watu wangu. Kuna yeyote mwenye kinyongo na hawa mnaowaona?"

Benon alianza kunyanyuka na mbuzi wake. Pudentienne alimshika koti, akamkalisha.

"Ninacho mimi," akasema.

Kipaza sauti kikaletwa. Watu tayari walikuwa wanatabasamu. Pudentienne aliona meno, akayapuuza. Alisema polepole, kama alivyojisemea jikoni wiki nzima. Akataja Buyenzi. Akataja darasa la sita, na nafasi moja, na nani alikuwa wa kwanza na nani wa pili. Akataja mkasi wa fedha. Alipofika kwenye sauti ndogo ya mtoto mwema, aliitoa ilivyokuwa, hakuongeza chumvi, na mahema yote mawili yakaangua kicheko.

Akasubiri kinyamaze. Akaendelea. "Baba yangu alinichapa kwa sababu ya mwanamke yule pale, mwenye miwani. Nimeuza ndagala miaka ishirini na minane kwa sababu yake. Nataka aseme hapa, mbele yenu, nani aliuweka ule mkasi."

Na hapo Benon, mpumbavu yule mwenye moyo mzuri, akaruka juu akiwa amefurahi kupita kiasi. "Sura ya harusi," akawaambia watu wa nyuma. "Jamani, anatuchezea Kamba. Ndiye Klementi huyo." Spéciose akaanza kupiga makofi. Waliosikiliza kitabu walikuwa wachache, lakini kicheko hakihitaji kujua kilikotoka. Kilipita kiti kwa kiti hadi kwa wapiga ngoma. Gwiza, ndani ya nyumba alikofichwa akisubiri kutolewa, alisikika akisema, "Bibi jamani."

Théoneste alipangusa macho. "Wageni wetu," akasema, "kosa ni zito. Kigoda tungesamehe. Mkasi je? Mna la kujibu?"

Msemaji wa upande wa pili aligeuka kumtazama Xavérine. Xavérine alisimama taratibu, akaweka vizuri umushanana wake begani, akasubiri kipaza sauti.

"Nakiri," akasema. "Ni mimi niliyeuweka. Nafasi ilikuwa moja, na kikapu cha Pudentienne kilikuwa kikubwa."

Mahema yalitaka kung'oka. Mzee mmoja alidondosha fimbo. Wapiga ngoma wakapiga bila kuombwa, na kreti za fanta zikavuka uwanja mabegani mwa vijana, na nyuma yake kibuyu cha urwagwa, pombe ya ndizi, faini kubwa kuliko ya mbuzi mara tatu. Théoneste akaipokea, akamimina, akamletea Pudentienne glasi ya kwanza kwa mikono miwili kama inavyopasa, yeye akiwa mdai. Watu wote walikuwa wanamtazama. Mjukuu wake alikuwa nyuma ya pazia, na mahari yake ilikuwa inangoja.

Akanywa.

Wakati wa chakula Xavérine alivuka uwanja na sahani yake, akakaa kando yake. 

"Nimekiri, bamwana," Xavérine akasema. Sasa walikuwa bamwana kweli, wajukuu wao wakiwa wameunganisha nyumba.

"Umekiri kwa kuchekesha."

"Wewe ndiye uliyeanza kuchekesha."

"Mimi sikuchekesha."

Xavérine alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya umushanana, akachukua muda mrefu kuifuta. Macho yake bila miwani yalikuwa madogo na yamechoka. "Najua," akasema.

Pudentienne alingoja. Alingoja hivyo hata wali ukapoa.

"Kila Alhamisi nilikuwa najua ni nani unayemtazama," Xavérine akasema. "Nilikuwa nafikiri utakuja nyumbani usiku unipigie kelele. Ningefungua mlango. Ningepiga magoti, Pudi, ninavyokuambia. Lakini umenileta gusaba." Akavaa miwani. "Faini umeipokea na umeinywa. Hairudiwi, unajua mwenyewe. Nikileta samahani leo watasema tunafufua kilichozikwa kwenye ndoa ya watoto."

"Basi niambie hapa. Tuko wawili."

Xavérine alitazama watu. Akatazama mjukuu wake, aliyekuwa anapigwa picha. Akamega kipande cha ndizi, akakiweka kwenye sahani ya Pudentienne, kipande kizuri, cha katikati.

"Kula," akasema. "Umekonda."

Kitabu walikimaliza mwezi uliofuata. Kurasa za mwisho hazikuwa na mishumaa wala majaji. Klementi alirudi mlimani, na Benon alisema mwandishi alikuwa amechoka. Wakakubaliana waanze tena ukurasa wa kwanza. Xavérine alisikiliza kama zamani, ila Klementi alipoanguka hakutoa leso.

Habari za mkasi zilikuwa zimetangulia mjini. Wiki ya pili watu wa mtaa wa Kagugu walimtuma mtu kwa Pudentienne. Wana gusaba, wazee wao hawajui kuongea, wangependa awalalamikie ule mkasi, usafiri juu yao. Baada ya Kagugu ikawa Rwezamenyo, kwa Waislamu, ambako hawakuwa na sista wala haja ya kumjua, wakacheka vilevile.

Alikwenda. Spéciose alishangaa, akamuuliza kama hachoki na umri ule. Pudentienne alisema wanapika vizuri.

Kila alikokwenda alisimama, akashika kipaza sauti, akalisema lote. Hakubadilisha neno. Alitaja Buyenzi, darasa la sita, nani wa kwanza na nani wa pili, na jina la Xavérine lote, la ubatizo na la nyumbani. Na kila alikokwenda mtu asiyemjua, wa familia isiyohusika, alisimama akicheka, akakiri, akalipa.