Mtoto Mweupe wa Malkia

Gozbert alikuwa na mtindo wake wa kuuza mbwa: mteja husimama nje ya geti, apige hodi. Mtoto atakayebweka wa kwanza, huyo ndiye mlinzi. Pale Ukonga walimjua kwa hilo, na mkewe Demetria hakuchoka kumwambia kwamba hata yeye alichumbiwa hivyohivyo, ila siku ile aliyebweka ni baba mkwe.

Asubuhi hiyo Demetria alirudi sokoni akapiga hodi kwa utani. Watoto watatu wa Malkia, mbwa jike wa Gozbert, wakakimbilia getini wakikanyagana. Wa nne, mweupe pee mwenye macho ya buluu, akaendelea kulala.

"Huyu mpole," Gozbert alisema.

"Mpole gani hatikisi hata sikio, Baba Blessing?"

Demetria akachukua mfuniko wa sufuria, akaugonga kwa mwiko nyuma ya kichwa cha yule mtoto. Kuku wa jirani wakaruka. Mtoto akajigeuza, akauchapa usingizi.

Huyo mweupe ndiye ambaye Gozbert alikuwa amemwahidi mteja wake, Monica wa Mbezi Beach, ampelekee mama yake anayeishi peke yake, ambaye vibaka walishamvunjia nyumba.

Malkia alikuwa wa kijivu chenye mabaka meusi, kama aliyemwagiwa oili chafu. Gozbert alihangaika hadi Sinza kumtafutia dume wa mabaka yaleyale, akiamini mabaka kwa mabaka yatazaa mabaka makali zaidi. Sasa akampigia simu daktari wa mifugo.

"Wazazi wote wana rangi hiyo?" daktari aliuliza.

"Wote. Ndiyo uzuri wenyewe."

"Ndiyo ubaya wenyewe. Mtoto akiirithi kwa baba na kwa mama, mara nyingi anatoka mweupe, kiziwi. Wengine hata hawaoni. Usiwapandishe tena hao wawili."

Gozbert akaweka simu chini. "Sasa mie nimwambieje Monica?"

"Mwambie umempatia mlinzi asiyesikiliza umbea," Demetria alisema.

Gozbert hakucheka. Honi ilikuwa imeshalia nje, na gari la Monica likaingia mpaka uani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Monica akambeba yule mweupe, akamkumbatia. "Mama ataringa mtaa mzima. Tangu wale vibaka halali, anakaa anasikiliza mlango. Sasa huyu atamsikilizia."

Gozbert akafungua mdomo. "Ana usingizi mzuri," akasema.

Monica akamweka mtoto chini, akaenda jikoni kumsalimia Demetria. Dereva wake akaanza kurudi nyuma ageuze gari, akipiga honi. Watoto watatu wakatawanyika. Mweupe akabaki ananusa tairi.

Gozbert aliruka, akapiga buti la gari kwa viganja vyote viwili. Gari likasimama. Mtoto alikuwa bado ananusa, mkia unacheza, tairi limemgusa ubavu.

Monica alikuwa ameona yote kutoka mlangoni. Akaja polepole, akapiga makofi nyuma ya masikio ya mtoto, mara ya kwanza, mara ya pili.

"Hasikii," alisema. "Ulijua?"

Gozbert akamtazama mkewe. Demetria, mwenye utani wa kila jambo, akaangalia pembeni.

"Nilijua," Gozbert alisema, akamwokota mtoto. "Huyu simuuzi. Na hao wawili siwapandishi tena."

Monica akafungua mlango wa gari. "Ungemwacha mama yangu alale akimtegemea huyo," alisema, na akaondoka bila mbwa.