Jibu la Picha ya Fundi Cherehani

Pale hospitali walimzoea kwa jina la Mama Picha. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akipiga picha za vichwa vya wagonjwa, na zile ngumu alizituma kwa daktari bingwa nchi jirani. Majibu yalirudi chai haijapoa. Kisha ikaja sheria mpya: taarifa za wagonjwa zisivuke mpaka bila kibali cha wizara.

Wiki hiyohiyo akaletwa fundi cherehani mmoja, mwanamke mcheshi aliyelalamika kichwa kinampasua.

"Dada, ukikikuta kitupu usimwambie mume wangu," alisema akijilaza kwenye mashine. "Atasema alijua zamani."

Picha ilitoka na kivuli kidogo nyuma ya sikio. Mama Picha hakukielewa. Akampigia mkuu wa idara.

"Omba kibali," mkuu akasema. "Ukituma hivihivi tutaonana mahakamani."

Akaomba. Kila asubuhi aliifungua ile picha na kukitazama kivuli. Mara mbili aliinua simu yake aipige picha skrini, aitume kimyakimya. Mara mbili akairudisha mfukoni. Siku ya kumi na tisa, mume wa fundi alikuja kuchukua cheti cha kifo.

Kibali kilifika Jumatatu iliyofuata, na kompyuta ikaituma yenyewe ile picha iliyokuwa ikisubiri. Nusu saa baadaye jibu likaingia: "Mshipa wa damu umevimba. Anaokoleka. Apasuliwe leo."

Mama Picha akampelekea mkuu wa idara jibu hilo.

"Lifute," mkuu akamwambia. "Marehemu hana haja nalo."

Hakulifuta. Alilichapa, akampelekea mume nyumbani. Mume alilisoma mara mbili, amesimama mlangoni.

"Kwa hiyo alikuwa wa kupona?"

"Alikuwa wa kupona, shemeji. Ningeweza kuituma kwa simu yangu. Niliogopa."

Mume akaikunja karatasi mara nne. "Haya maneno utayasema mbele ya hakimu?"

"Nitayasema."

Akayasema yote, hata lile la simu. Sheria ikaongezewa kifungu cha wagonjwa mahututi. Yeye akaachishwa kazi.

Siku hizi, mchana kweupe, akiwa anaanika nguo, husimama ghafla na kugeuka, kana kwamba mtu amemuuliza kwa upole kama jibu limefika.