Kamba ya Mzee Mogire

Susana alipoinua godoro la bintiye, harufu ilimpiga hadi akarudi nyuma. Miaka yote aliyoishi Muhuru Bay kazi yake ilikuwa kuanika omena, dagaa wa ziwani, na alidhani hakuna uvundo uliobaki wa kumtisha. Huu ulimshinda. Vitambaa vilikuwa vimekunjwa juu ya mbao za kitanda, vimefuliwa lakini bado vibichi, vimeota ukungu pembeni, na mende akatoka humo akitembea taratibu kama mwenye ploti akikagua vyumba vyake vya kupanga. Susana alikimbilia nje kutema mate.

Ndivyo vitambaa alivyovaa Metrine kila mwezi. Na ndiyo maana msichana huyo, aliyemaliza shule mwaka jana, alikuwa amelala tena akiwashwa na kuchubuka, hawezi kufika chooni bila kuuma meno. Asubuhi hiyo nesi wa zahanati alimuuliza vitambaa vinaanikwa wapi. Metrine akadanganya kwamba ni kwenye kamba. Nesi akasema dawa atampa, lakini visipokauka juani ugonjwa utarudi tu.

Kamba ilikuwapo, tena ndefu. Lakini ploti ilikuwa ya Mzee Mogire, mfanyabiashara wa omena kutoka Kisii, na siku walipohamia aliwapa sheria: vitambaa vya hedhi vikionekana kwenye kamba yake, mwenyewe afungashe virago. Ni kinyaa, alisema, tena vinatia samaki mkosi. Vyumba karibu na ziwa havipatikani ovyo, kwa hivyo Susana alinyamaza, na Metrine akajifunza kuficha.

Sasa Susana alisimama mlangoni akiutazama uwanja huo uliolindwa dhidi ya kinyaa. Omena ya Mogire ilikuwa imetandazwa chini kwenye nyavu, ikioza kwa mvua ya jana. Kuku walitembea juu yake wakiacha walichoacha. Matumbo ya samaki wa mbuta yalirundikana kando ya mfereji, nzi wameyafunika. Mogire mwenyewe akapita, akapenga kamasi kwa kidole, akajifuta kwenye suruali, kisha kwa mkono huo huo akachota omena na kuonja. Hasira ilimpanda Susana. Nyani haoni kundule, alijiambia.

Akachemsha maji, akavifua vitambaa upya kwa sabuni, akavisuuza mpaka maji yakabaki meupe, akavianika katikati ya kamba, pale jua linapochoma.

Mogire hakukawia. "Mama Metrine, toa huo uchafu kwa kamba yangu."

"Hizi nguo zimefuliwa na sabuni, Baba Irine. Hiyo omena yako umeiosha lini?"

Wapangaji walijaa milangoni. Mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Mogire alimwambia Susana afungashe, jioni asimkute pale. Susana akajibu kwamba atafungasha, lakini vikishakauka. Sauti yake ilikuwa ngumu, ingawa hakujua yeye na mgonjwa wake wangelala wapi.

Mogire akaishika kamba, akaifungua ncha moja ili aiangushe. Hapo mlango wake mwenyewe ukafunguka. Alitoka mkewe, Nyasuguta, mwanamke ambaye sauti yake ilisikika kwa nadra, amebeba beseni akiwa amegeuza uso pembeni. Uvundo ulifika kabla yake, ule ule wa chini ya godoro. Mogire aliziba pua kwa mkono mmoja, akauliza hiyo ni nini.

"Ni vya Irine, msichana wako," alisema Nyasuguta. "Tangu avunje ungo vinalala chini ya godoro lake, kwa sheria yako. Na yeye pia anajikuna."

Nyasuguta aliweka beseni chini, akamwomba Susana sabuni, akakunja mikono ya nguo yake. Kisha akamtazama mumewe.

"Usiachilie hiyo kamba, Baba Irine," alisema. "Ikilegea, vitaburutika kwa omena yako."