Raga ya Mama Hansa mu Sono ya Mignonne

Mutoto wangu Kitenge alirizi kichwa ya baba yake: kikubwa, na hakina mulango. Yeye njo mwenye sono, vyombo vya kupigia miziki, mabaffle yote ya kutoa sauti na nyaya zake, anazipangisha ku ndoa na ku matanga hapa mu mutaa yetu ya Kapata. Mwenye kupiga miziki ni Mignonne, mutoto wa marehemu dada yake, mujukuu wangu mi. Na Mignonne hapige tu bintu bya kuokota kwa benzake. Anaweka ordinateur, kompyuta yake, ku magoti sawa lungo ya muchele, anachambua sauti moja moja, anatupa mawe, kisha anaitia ngoma ya mashini, ile yenye kupiga mpaka sufuria zako zinajibu ku meza.

Mi nauzisha mikate mbele ya magazini ya bitenge ya Mama Hansa, mujane Muhindi. Alizaliwa ku Lubumbashi, baba yake pia. Kiswahili yake inashinda yangu, na matusi pia. Kila asubui, mbele ya kufungua, anawasha kasanduku kadogo kenye kunguruma sauti moja tu, mmmmm, bila kupumua. Yeye anapanda juu ya ile sauti pole pole, sawa mutu anapanda ngazi na ndoo ya maji ku kichwa.

Siku moja Mignonne alikuja kuniletea mafuta, akasikia. Akakaa chini pale ku mulango, na mukate niliyomupa ikapoa mu mukono yake. Mutoto wangu mwenye njaa anaacha mukate ipoe? Nikajua iko neno.

"Mama Hansa," nikamuita, "huyu mutoto anataka kuiba sauti yako. Afazali umupe."

"Aitie mu ile makelele yake?"

"Makelele ni ya kwako ya asubui. Mi naivumilia juu ya kivuli ya magazini tu."

Alicheka mpaka meno yake ya kununua ikataka kutoka. Kisha akaangalia Mignonne, akaacha kucheka.

"Nitakubali. Lakini nitaimba ile ya jua kushuka, si ya asubui. Kila raga, wimbo ya Kihindi sawa hii, iko na saa yake. Weye unaanikaka nguo usiku? Na tena, mwanzo usiikate. Raga inaanza bila ngoma. Sauti inatembea kwanza peke yake, inasalimia kila nyumba. Ukileta ngoma mbele haijamaliza kusalimia, umenitukana, na umetukana mwalimu mwenye kunifundisha."

"Sitaikata, mama," Mignonne akajibu, na akaahidi na mikono mbili.

Shida ilikuwa Kitenge. Ndoa yenye kuja ilikuwa ya Djamila, binti ya Tata Asani, yule mwenye malori ya kwenda Dilolo. Ndoa ya bakubwa. Mignonne alipoisha kukamata sauti ya Mama Hansa mu ordinateur, Kitenge alisikiliza ile kazi mu nyumba yangu, akakunja uso sawa mwenye kulamba ndimu.

"Ngoma iko wapi?"

"Inakuya, tonton," Mignonne akamujibu mujomba yake.

"Inakuya lini, Noeli? Kapata haisimamake bila ngoma! Kata ile mwanzo."

"Niliisha kuahidi."

"Basi sikia vizuri. Piga ahadi yako. Lakini kama mutu hata mumoja anabakia ku kiti, lundi, Jumatatu ile, sono inaenda kwa Mechack, yule mupiga-miziki mwingine. Weye utapiga ahadi ku radio ya kambo yako, huyu mama yangu."

Mignonne hakulia. Alivaa kaski ya kusikilizia ku masikio, akarudilia kazi. Ile sono njo mikono yake, kila mutu anajua. Bila sono, ordinateur ni kioo ya kujiangaliamo tu.

Siku ya ndoa, shehe aliisha kufungisha, pilau ilikuwa mu tumbo, jua ilikuwa inashuka nyuma ya manyumba ya zamani ya kampani. Kitenge alikuya na clé yake, ile flash ndogo yenye kubeba miziki ya Mechack, akaiweka ku meza karibu na ordinateur, "juu ya hatari." Mi nikavuta kiti yangu karibu kabisa, juu ya masikio yangu ya uzee. Kitenge alipogeuka kusalimia batu, clé haikuwa tena ku meza. Na mi nilikuwa nimekaa muzuri, asanteni.

Mignonne akafungua. Mmmmm. Ile sauti moja ikajaza parcelle yote, kiwanja nzima ya feti.

Sasa, hapa Kapata hakuna mutu hajui sauti ya groupe, moteur ya kutoa umeme, yenye kutaka kufa mu katikati ya feti. Tata Asani, mwenye kuishi na bamoteur kupita na bibi yake, akainua kichwa.

"Zakaria! Groupe inakabwa! Hewa imeingia mu mafuta, mu mazout!"

Zakaria ni shofere yake. Akakimbia nyuma ya nyumba, na shofere wa kweli hatengenezi moteur yenye kuzunguka. Akaizima.

Mabaffle yakakufa. Sauti ya Mama Hansa ikakatika mu katikati ya ngazi, na ndoo yake ku kichwa. Mignonne akashika mudomo. Kitenge akatafuta clé ku meza, chini ya meza, mu mufuko. Mi nikaangalia mawingu.

Njo pale Mama Hansa, mu sari yake ya kijani katikati ya banamuke, akapokea sauti yake mwenyewe, pale pale ilikatikia. Na koo yake tu. Hakuinuka hata. Hata batoto bakaacha kugugunia mifupa ya kuku. Alisalimia nyumba yote: shangazi, bashofere, bibi arusi, na hata Kitenge, mwenye hakustahili.

Safi, shangazi ya Djamila, akaanza kupiga makofi, kidogo. Banamuke bakamufuata. Mignonne hakuachilia ile makofi. Kidole yake ilikuwa inaipima ku meza. Mama Hansa akamuangalia, akainamisha kichwa: nimemaliza kusalimia.

"Mazout iko muzima!" Zakaria alilalamika kule nyuma. "Groupe haina kitu!"

"Basi iwashe, shetani!" Tata Asani akalalamika.

Courant ikarudi, na ngoma ya Mignonne ikaanguka chini ya makofi pale pale, haikukosea hata ukucha. Parcelle ikapasuka! Bashofere, bamama, Tata Asani na tumbo yake, bote juu. Ile sauti ya ngazi ilikuwa inapanda, ngoma inasukuma ku mugongo, na mi nilikuwa naambia kila mwenye kupita: "Ni mujukuu wangu. Na yule mwenye kuimba, ni jirani yangu."

Kitenge akapita kati ya biti bitupu, akafika mbele yangu, na kicheko mubaya.

"Mignonne! Ona. Mutu mumoja amebakia."

"Magoti, mutoto wangu," nikasema.

"Nilisema hata mumoja, mama."

Mignonne akaniangalia. Nikasimama.

Clé ikabaki ku kiti, inalala. Kitenge akaiangalia, akaniangalia mi.

"Mama!"

"Ilikuwa na baridi. Niliipasha moto."

Alitaka kukasirika, lakini mabega yake yalikuwa yameisha kuanza kucheza bila kumuomba ruhusa. Mama Hansa akanivuta mukono, nikacheza na goti moja, lingine likangojea.

Lundi Mechack alikuya na kipushupushu yake, kagari ya kusukuma na mikono, kukamata sono. Kitenge akamurudisha ku barabara, akamuambia biti byote bilikuwa bitupu. Ni kweli. Mi mwenyewe nilibihesabu, juu hesabu ya Kitenge si ya kuamini.