Milango Kumi na Miwili

Ploti ya Mzee Nzuki, hapa mjini Wote, ina milango kumi na miwili. Sita inatazamana na sita, na katikati kuna uwanja wa hatua kumi, mfereji mmoja wa kuchotea maji na kamba za nguo. Mzee alijenga mbio mbio, mwaka ule mji ulipofanywa makao makuu ya wilaya na makarani wakaanza kuhangaikia nyumba. Kwa haraka yake, kuta za ndani ziliishia chini kidogo ya mabati. Mtu wa namba tano akipiga chafya, wa namba mbili anamwambia pole. Nani amegombana na mkewe, nani amelala njaa, nani anamwomba Mungu huku analia, yote yanapita juu ya ukuta bila kubisha hodi.

Mimi niliishi namba nne miaka minne, na nilijivunia kwamba sikuzoeana na mtu. Nilikuwa na cherehani yangu kwenye veranda sokoni, binti yangu Ndanu alikuwa shule ya bweni, na jioni nilijifungia mlango. Siri za majirani nilizijua zote, lakini salamu yangu ilikuwa ya kutikisa kichwa tu. Watu wanaokusikia hata ukijigeuza kitandani, ukiwazoea tena utabaki na nini chako? Walinibandika jina la Mama Kimya. Hilo nalo nililisikia juu ya ukuta.

Basi Januari mama yangu, Syombua, akaangukia mafiga kwake Nuu. Macho yalikuwa yamemwisha polepole, na daktari alishasema kilichobaki ni kujua mchana na usiku tu. Jirani alimvuta kutoka motoni mkono ukiwa umeungua hadi kiwiko. Baba alishafariki, na mtoto aliyebaki ni mimi. Nilienda kumchukua, nikamleta Wote, nikamwambia hapa ndipo kwake sasa.

Kule Nuu boma moja liko kilima hiki na lingine liko kile. Asubuhi unatoka nje unamwita mwenzako kwa sauti ya kuvuka bonde, umjulie hali. Asipojibu, unaweka jembe chini unaenda kuona kuna nini. Mama alifanya hivyo miaka sitini. Asubuhi yake ya kwanza Wote, saa kumi na mbili kamili, alisimama mlangoni pangu na fimbo yake, akavuta pumzi, akaita vile vile, sauti ya kuvuka bonde, katika uwanja wa hatua kumi.

Watoto waliamka wakilia. Kwa mtu fulani sufuria ilianguka. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Aliyejibu ni Wanjiro wa namba kumi, mlango unaotazamana na wangu, mama wa Murang'a anayekaanga mandazi ya kuuza. Alijibu kwa Kikamba chake cha sokoni, huku akicheka. Kesho yake akajibu pia Mwalimu Mulei wa namba sita, ambaye hawezi kusema neno kabla ya kukohoa. Wiki ilipoisha milango minane ilikuwa inajibu, na mama alimuuliza kila mmoja jina lake na kama amelala salama, nao wakamwita Susu, yaani nyanya. Niliona pia ameanza kwenda mferejini peke yake, ananawa uso, anarudi. Nikadhani anahesabu hatua.

Jumapili moja jioni akaja Kivuva wa namba saba, yule anayelinda duka la vifaa vya ujenzi usiku. Alivua kofia, akaanza taratibu: "Mama Ndanu, ni maneno ya Susu. Yeye huita saa kumi na mbili kamili, na mimi nikitoka kazini..."

Sikumngoja amalize. Hasira yangu siku zote hunitangulia njiani. Nilimwambia nimesikia, atusamehe, hatasumbuliwa tena, nikafunga mlango. Kisha nikamgeukia mama, na maneno niliyomwambia najuta hadi leo. Nilimwambia hapa si porini, hapa watu hulala, na kama hawezi kunyamaza ataniaibisha hadi nihame.

"Haya," alisema.

Hakuita tena. Alikaa kwenye kiti karibu na mlango kutwa nzima kama mzigo uliosahauliwa na mwenyewe. Siku ya tatu alijaribu kwenda mferejini, akaukosa, akatumbukia kwenye mtaro wa maji ya sabuni. Niliporudi kutoka sokoni nilimkuta Wanjiro akimpangusa matope. Jioni hiyo mama alifunga nguo zake ndani ya leso.

"Nirudishe Nuu."

Nilimwambia Nuu atakufa motoni. Hofu hiyo nilikuwa nayo tangu Januari, na nilimwambia nikilia: kule hakuna mtu nyumbani, na safari nyingine jirani atachelewa.

"Hapa sioni," akasema.

"Mama, hata Nuu huoni."

"Hapa nilikuwa naona. Wanjiro akijibu, najua mbele ni wapi. Mwalimu akikohoa, mfereji uko hapo kando yake. Kule kwetu wako mbali, sauti inanifikia imechoka. Hapa mko karibu, nilikuwa nawaona nyote. Halafu wewe ukazima taa, Mbinya."

Nililala nikipanga jinsi nitakavyobisha milango, nikianzia kwa Kivuva, nimsihi atuvumilie. Lakini baada ya miaka minne ya kutikisa kichwa, ningewatazama kwa uso gani? Katika kuwaza huko nilizisahau kuta za Mzee Nzuki.

Asubuhi, saa kumi na mbili na robo, nilifungua mlango. Kivuva alikuwa amesimama katikati ya uwanja, bado na koti lake la kazi na rungu kwapani. Nyuma yake milango ilikuwa wazi, watu wameshika vikombe.

"Mama Ndanu, siku ile haukuningoja nimalize," alisema. "Mimi hufika hapa na robo, nakuta Susu ameshaita watu wote. Nilikuwa nataka kumwomba angoje hiyo robo saa, ndio na mimi nimjibu."

Aibu ilinipanda hadi masikioni. Mama alikuwa ameshafika nyuma yangu na mzigo wake wa leso.

"Susu," Kivuva akaita, "ni Kivuva, namba saba, kando ya choo. Nimeamka salama, sasa naenda kulala."

Watu wakacheka. "Cucu, mimi niko hapa mbele," Wanjiro akasema, naye akimwita nyanya kwa lugha ya kwao. "Mafuta ni moto, pitia mbali kidogo." Mwalimu Mulei akakohoa. Wakaendelea mlango kwa mlango, hata ile miwili ambayo haikuwa imewahi kujibu.

Mama aliweka mzigo kwenye kiti, akashuka, akaenda moja kwa moja hadi mferejini. Akanawa uso. Akageuka, akasimama.

"Namba nne iko wapi?" aliuliza. "Siku zote nimekuwa nikirudi kwa kumpa Wanjiro mgongo. Nyumba yangu peke yake ndiyo haijawahi kuniita."

Wote wakanitazama. Nilivuta pumzi, nikamwita mama yangu kwa sauti ya kuvuka bonde, na akaja.